Michoro Iliyolalia Kushoto

Ndiyo, mjukuu wangu, jina la kiwanda ni lile lile. Lakini bunduki mpya ya baba yako ina kitako cha plastiki, na ukiikoki inakwaruza kama kijiko kwenye sufuria. Zamani, tulipokuwa tukifanya kazi pale kiwandani, tulipaka mbao mafuta kwa kiganja kitupu mpaka zipate joto.

Basi baba yako akataka kuipeleka hii yangu kuukuu kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ikayeyushwe.

Nikamwambia, "Papasa kwanza michoro iliyochongwa pale pa kushikia. Imelalia kushoto. Kiwanda kizima, mchongaji wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu."

Akapapasa, akamgeukia mama yake aliyekuwa anapakua chakula kwa mkono huo huo wa kushoto.

"Mnanikodolea nini?" bibi yako akafoka. "Kanaweni!"

Baba yako akaifungia ile kuukuu kabatini, funguo akanipa mimi. Tukakaa kula.