Fimbo ya Wasemaji

Katika mji ule, asiyeshika fimbo ya wasemaji hakuruhusiwa kunena barazani, hata awe mkuu wa mji. Mzee Nikandro, mpiga mbiu, ndiye aliyewakabidhi wasemaji fimbo hiyo. Miaka nenda miaka rudi aliwapa waliotaka vita, na wanawe wawili walikwenda vitani, hawakurudi.

Asubuhi hiyo mkuu alinyoosha mkono apewe fimbo, atangaze vita vingine. Nikandro akaketi chini, akailaza mapajani.

“Nipe, mzee,” mkuu akasema.

“Unasema bila fimbo, bwana,” Nikandro akajibu taratibu. “Nami nimechoka. Ngoja nipumzike.”

Mkono wa mkuu ukabaki hewani. Baraza zima likautazama kimya, kwani wa kumkemea Nikandro ilibidi kwanza apewe fimbo, naye mzee alikuwa ameshafumba macho.