Karatasi ya Usingizi

Sellah alidanganya mara moja tu, kabla ya kubandikwa nyaya kichwani.

Daktari Ranjit wa Kitale alikuwa amepata mashine ya kupima ubongo wa mtu aliyelala. Alitafuta watu wazima wenye afya, ili ajue kwanza usingizi wa kawaida unachorwaje. Akamuuliza Sellah kama amewahi kushikwa na kifafa.

"Hapana, daktari," alisema, akitazama sakafu.

Alikuwa amefumua nywele na kukesha, kama alivyoagizwa. Akalala saa nane mchana, mapazia yamefungwa, kalamu za mashine zikikwaruza karatasi.

Kule Ndalu alikoolewa, mara nyingi aliamka godoro limelowa na mbavu zinamuuma kama aliyepigwa. Hakukumbuka kitu. Festus, mumewe, naye alisema hajui kitu. Lakini kwao godoro likionekana juani, aibu ni ya aliyelianika, na kuanika ni kazi ya mke. Mama mkwe aliliona mara ya nne, akasema hicho ni kifafa. Sellah mwenyewe aliamini. Asubuhi kama hizo alizidi kunyenyekea, akimpozea Festus chai, maana mumewe alikuwa mtu wa kujiuma ulimi, ati kwa kula haraka.

Mwaka wa 1988 walimrudisha kwao Mabanga. Mtoto, Nakhungu, wakabaki naye. Walisema mgonjwa atamwangusha motoni. Tangu hapo Sellah alifua nguo za watu mtaani Kibomet, Kitale, akiomba Mungu kila siku amponye amrudishie mtoto.

Alipimwa mara tatu. Siku ya mwisho daktari alitandaza karatasi ndefu mezani.

"Hii yako ndiyo nitaangalia nikipima wengine," alisema. "Haina kasoro hata moja."

Akamwandikia barua, akaigonga muhuri. Sellah alilia njia nzima. Maombi yalikuwa yamejibiwa.

Kesho yake alifika Ndalu, barua imefungwa ndani ya leso. Nakhungu alichungulia kutoka jikoni, asimtambue. Kando ya ua, Edah, mke mpya wa Festus, alikuwa akisukuma nguo zake ndani ya gunia. Hakuinua macho.

Mama mkwe alisomewa barua na jirani hadi mwisho.

"Kumbe wewe ulipona," alisema. "Ugonjwa yako ukaiacha kwa hii nyumba. Sasa imeshika huyu Edah. Mtoto hutaguza."

Sellah akageuka. Nyuma ya Edah, juu ya ua, godoro lilikuwa juani.

Festus akatokea mlangoni na kikombe mkononi.

"Edah, kabla hujaenda," alisema, ulimi umevimba hadi maneno yakamtoka kwa shida, "nipozee hii chai."