Likizo ya Siku Tatu

Mwanawe alisema ni likizo ya siku tatu tu: watalala Lamadi, watoto wataogelea Musoma, kisha watamalizia kijijini Majita, Selestina akasalimie kaburi la mumewe pale ziwani.

"Na hospitali?"

"Daktari amesema upumzike kwanza, mama."

Selestina akaingia chumbani, akafungua begi alilopangiwa na mkwewe, apenyeze kikopo chake cha ugoro. Chini ya kanga, mkono ukagusa kitu cha moto. Ilikuwa sare yake ya Wawata, imetoka kupigwa pasi sasa hivi. Ile ambayo akina mama wa kanisani huzikwa nayo.

Akapitisha kidole kwenye ukosi, taratibu, mpaka joto likaisha.

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni kama mtoto aliyedokoa nyama chunguni. "Begi limetimia, mama?"

"Halijatimia, baba. Mkeo amesahau kitambaa cha kichwa. Mnataka baba yenu anione kichwa wazi, na wivu wake ule?"

Akakitoa mwenyewe sandukuni, akampa akikunje.

Mwanawe akakikunja, kikakunjuka. Akakikunja tena.