Sauti ya Chande

Miaka hiyo fundi akifa, sauti yake ilibaki kwenye mashine aliyoiendesha, ikitabiri bati la moto litavutika hadi wapi kabla ya kupasuka. Mama mmoja, Sikudhani, alikabidhiwa mashine ya marehemu mumewe, Chande. Kila bati lilipokaribia kupasuka, sauti ilimwambia kwa upole, "Basi, mke wangu." Naye aliacha kuvuta, akitabasamu.

Mchana mmoja binti yake, Tunu, alimletea chakula kiwandani, akaisikia sauti hiyo.

"Mama, baba hakuwahi kukuita mke wangu. Alikuita Mama Tunu maisha yake yote."

Mama yake alilijua hilo tangu siku ya kwanza.

Tunu alipoondoka, mama yake alitia bati jingine tanuruni, kisha akalivuta taratibu, akisubiri kuitwa.