Bingwa wa Wiki

"Mwaka huu nimejifunza kunyamazisha," Bi Kimya aliandika. Akafuta. "Mwaka huu nimejifunza kusikiliza yaliyo muhimu." Hapo sasa! Mkurugenzi atapenda.

Fomu ya kujitathmini ilitakiwa kabla ya saa sita mchana. Nafasi ya mkuu wa kitengo ilikuwa moja, walioitaka wanne, naye aliitaka kuliko wote. Mwaka mzima alikuwa ameitolea usingizi, wikendi na sikukuu.

Kampuni yao ilitengeneza bangili za wazee wanaoishi peke yao. Mzee akianguka anabonyeza kitufe, kengele inalia ofisini, mtu wa zamu anampigia ndugu yake. Mwaka jana kengele zililia mpaka watu wa zamu wakaanza kutafuta kazi kwingine. Wajukuu walichezea vitufe, na vingine vilikwama tu. Ndipo yeye akaandika kanuni yake: mfumo usubiri dakika mbili kabla ya kulia, na bangili ikibonyezwa zaidi ya mara tano ndani ya dakika hizo, basi ni mbovu. Kengele yake inazimwa, bangili inaingia kwenye orodha ya mafundi, wanaipitia Jumatatu. Kelele zikaisha. Jina la Bi Kimya alilipata hapo, na alilipenda.

"Mwenye shida ya kweli hubonyeza mara moja, akasubiri," aliwaambia kikaoni. Hakuna aliyebisha.

Aliyemgomea alikuwa mama yake tu. Alimpelekea bangili, mama akaigeuzageuza mkononi.

"Mimi mbuzi, mwanangu, nifungwe kengele? Nikikutaka si nitakupigia simu?"

"Haya mama. Usije ukasema sikukuletea."

Mama aliitundika kwenye msumari kando ya kitanda, wakanuniana. Miezi saba sasa Bi Kimya hakuwa amekwenda nyumbani. Alipiga simu kila Jumapili. Jana alipiga mara moja, haikupokelewa. Atakuwa kwa jirani, alijisemea, akarudi kwenye fomu.

"Ni nini kimekukuza wewe binafsi?" fomu iliuliza. Aliandika kwamba kazi hii imemfundisha kuwajali wazee. Aibu ilimpitia, lakini hakufuta.

"Jamani, Bingwa wa Wiki!" fundi wa meza ya pili alipaza sauti.

Huo ulikuwa mchezo wao wa kila Jumatatu. Bangili mbovu iliyobonyezwa kuliko zote ndiyo bingwa, na aliyekosea zaidi kukisia idadi ananunua chai.

"Mia mbili," mmoja alisema.

"Sitini," Bi Kimya alisema bila kuinua macho.

"Sitini wapi, dada! Mia tatu na kumi na mbili! Kaanza Ijumaa jioni, kakesha nayo, Jumamosi kutwa nzima yumo tu. Jana alfajiri ndiyo kanyamaza."

"Betri imekwisha."

"Wala. Betri iko nusu."

"Basi kachoka, masikini!"

Ofisi nzima ilicheka. Bi Kimya alicheka mpaka akafuta machozi, akakubali kwamba chai ni yake.

Ndipo wazo likamjia. Fomu ilitaka mfano mmoja wa mafanikio, na huyu bingwa alikuwa mfano safi kabisa: mibonyezo mia tatu na kumi na mbili, na hakuna hata mtu mmoja aliyesumbuliwa.

"Hebu nitumie ukurasa wake," alimwambia fundi.

Ukurasa ulifunguka. Jina la mzee halikuwepo. Kwa ajili ya faragha majina yote yalifichwa. Bi Kimya alianza kunakili mstari kwa mstari, akitabasamu. Hali: mbovu. Kengele zilizolia: hakuna. Imewashwa mara ya kwanza: Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Mtu wa kupigiwa: binti.

Chini yake palikuwa na namba ya simu. Alikuwa ameshaandika tarakimu sita alipogundua kwamba hahitaji kuitazama ili kuimalizia.