Kimo cha Kiti

Siku ya pili baada ya eda, Bi Salha aliikokota baiskeli ya marehemu mumewe hadi kwa fundi. Shemeji yake Mbaruku akamfuata, akaishika keria.

"Nipe mimi, shemeji. Kaka alikuwa mnazi, wewe mchicha. Pedeli huzifikii."

"Kimo changu kanipa Mungu. Kiti hicho kakiweka mtu. Fundi, kiteremshe."

Fundi akalegeza nati. Bi Salha akabana kiti kwapani, akanyoosha mkono, akakishusha mpaka vidole vikagusa mhimili wa pedeli, kama mafundi wapimavyo.

"Hapo. Kaza."

"Na watu watasemaje?" Mbaruku akauliza.

"Watasema Bi Salha kaenda sokoni."

Akapiga bismillahi, akapanda, akakanyaga. Magurudumu yakaanza kuzunguka, na Mbaruku bado ameshika keria.