Jino la Kirukanjia

Zawena alikuwa amebana pumzi, kama walivyofundishwa wote katika chumba kile cha makumbusho, kwa maana fuvu la kirukanjia, kile kinyama kama panya mwenye pua ndefu, halizidi ukucha wa dole gumba na pumzi moja hulipeperusha. Kirukanjia huyu alitoka msitu wa mlimani. Kilichomtenga na wenzake wote ni jino moja la juu, dogo kama chembe ya chumvi. Leo Mzee Mwinjuma, ambaye neno lake kuhusu wanyama wadogo halipingwi, alikuwa anakuja kuamua kama huyu ni wa aina yake peke yake. Akikubali, msitu ule hautakatwa.

Vumbi likamkereketa puani. Akapiga chafya.

Alipofumbua macho, fuvu lilikuwa limelala ubavu, na mahali pa jino pana tundu. Akaipapasa meza yote kwa vidole vilivyolowa jasho, akarudia tena, asipate kitu.

Mlango ukafunguliwa.

“Hodi, mwanangu,” alisema Mzee Mwinjuma, akivua kofia. “Nimekuja kuliona hilo jino lako.”

“Karibu, mzee. Shikamoo.”

Hapo ndipo Zawena alipoliona: chembe nyeupe imenata kwenye ncha ya kidole chake cha shahada, mkono wa kulia. Alitaka kuuficha mgongoni, lakini mzee alikwisha kumfikia.

“Marahaba,” akasema, akamnyoshea mkono mpana, mkavu, nao ukabaki hewani ukimngoja.